Nusu ya Maneno ya Mjomba

Mkaa hauna harufu ya maana. Nimeupikia miaka mingi hapa Bigwa, Morogoro, na bado kila asubuhi nikishawasha jiko huwa nageuka kuutazama mlima, kama mwanamke anayemlinganisha mume wa pili na yule wa kwanza. Wanangu wananicheka. Wanasema mkaa hauchomi macho, hauna moshi, tena unaletwa mpaka mlangoni. Yote ni kweli. Lakini kuni zilizoanguka zenyewe na kukaukia kwenye msitu wa kwetu zilikuwa na harufu iliyoingia kwenye magimbi, kwenye nguo, kwenye nywele za bibi yangu. Ningetoa kila nilicho nacho niinuse mara moja tena.

Msitu wenyewe unaonekana kutoka hapa mlangoni wakati mawingu hayajashuka. Ni ule ukanda mweusi juu ya mashamba, mahali mlima unapoanza kusimama wima. Chini yake kidogo ndipo nilipozaliwa, siku za Mdachi, kabla gari moshi halijafika mjini.

Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hupita huko huko kwa mama. Wanawake ndio shina, na kaka zao ndio wasemaji. Mama yangu alifariki ningali natambaa, kwa hiyo nililelewa na bibi, mama yake mama, na msemaji wetu alikuwa mjomba, mtoto wa kiume pekee wa bibi. Mjomba alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa mlima mwingine wowote duniani. Kiswahili hakukijua, na hakuona kilikuwa kinamtafuta kwa kazi gani.

Ndani ya msitu ule walizikwa mama zetu wote: mama yake bibi, na mama wa huyo, na wengine ambao majina yao yalijulikana na bibi peke yake. Ndiyo maana hatukuingia ovyo. Tukifika ukingoni, bibi alitua kamba yake ya kufungia kuni, akapiga makofi mara mbili, akaita, "Hodi, mama zangu!" Halafu alingoja. Alingoja kweli, kichwa ameinamisha upande, mpaka aridhike. Panga liliachwa nje. Kuni zilizoruhusiwa ni zile zilizoanguka zenyewe, na tulizivunja kwa goti. Mti mbichi haukuguswa na mtu. Leo nasikia watu wanasema sisi wa zamani tulikuwa hatujui kutunza misitu, tukafundishwa na Wazungu. Nikisikia hivyo natafuna tambuu yangu nanyamaza, maana nikifungua mdomo tutagombana.

Ndani mlikuwa na baridi nzuri. Maji yalidondoka kwenye majani hata siku ya jua, na mbega walikohoa juu kabisa ambako hatukuwaona. Kulikuwa na mkuyu mmoja mkubwa, na kati ya mzizi wake na kaburi la mama yake, bibi alikuwa na mahali pake. Kila tukimaliza kufunga mizigo alikwenda kukaa pale na kunyoosha miguu.

"Unafanya nini, bibi?"

"Napima kitanda changu," alisema. "Na wewe, mke mwenzangu, utalala huku miguuni, maana nikikuweka karibu na kichwa hutaacha kunisimulia mambo."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita, kwa sababu ya babu. Babu alishafariki zamani na alizikwa kwenye msitu wa mama zake yeye, lakini bibi aliendelea kunionea wivu kwa mzaha mpaka mwisho wake.

Nilipokuwa msichana wa kutosha kubeba mzigo mzima wa kuni, mjomba aliniruhusu nikasome misheni. Masista walinifundisha kusoma, kuandika, kushona, na Kiswahili. Nilikipenda Kiswahili kuliko vyote. Nyumbani nilikizungumza peke yangu nikichambua maharage, nikijiuliza na kujijibu, na bibi alitabasamu tu na kuendelea na kazi yake. Yeye alikuwa na wimbo mmoja wa wapagazi, wa Kiswahili, aliouimba akipepeta mahindi. Nilidhani ameuokota njiani kama mtu anavyookota ushanga, bila kujua ulikotoka.

Kisha gari moshi likafika mjini. Siku za utulivu tuliusikia mlio wake tukiwa juu shambani, na tuliuona moshi wake ukitambaa uwandani. Halikula makaa ya mawe lile, lilikula kuni, na lilikuwa na njaa isiyokwisha. Miti ya kandokando ya reli ilikwisha kwanza, ikafuata ile ya vilimani. Watu walianza kusema kwamba serikali ya Dar es Salaam imeogopa, na imemtuma mtu wa kuhesabu misitu na kuiwekea mipaka kabla haijaliwa yote.

Mtu huyo tulimwita Bwana Misitu. Alifika kwetu asubuhi moja, Mdachi kijana, uso mwekundu kwa kupanda mlima, pamoja na karani wake mtu wa pwani, jumbe wetu, na wapagazi wachache. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka misheni siku ile ile, bado nimevaa gauni jeupe, na shingoni nina medali ya wanaojiandaa kubatizwa. Jumbe akasema, "Huyu binti anajua Kiswahili, atatafsiri." Mjomba akanitazama kwa fahari. Karani akaniuliza jambo dogo, nikamjibu, naye akamwambia bwana wake, "Kiswahili chake kimenyooka." Nikajiona nimeota mabawa.

Bibi alileta sinia la ndizi mbivu, akaliweka mbele ya wageni, akakaa kando kwenye kigoda.

Bwana Misitu aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kama msitu ule ni wa nani. Karani aliyanyoosha maneno, mimi nikampelekea mjomba kwa Kiluguru. Mjomba alisimama. Aliuelekeza msitu kwa kidevu, maana makaburi hayanyooshewi kidole, akasema:

"Mwambie si wangu. Si wa mtu yeyote anayekula ugali hapa leo. Ni wa mama zetu waliolala ndani. Sisi tunawalindia tu, na siku yetu ikifika tunaingia."

Hilo ndilo jibu la muungwana wa kwetu, na hakuna jingine. Mkubwa wa ukoo akisema "msitu wangu" amejiombea kifo, ni sawa na kuwaambia waliolala wasogee apate nafasi. Kila Mluguru angelielewa, na angejua hapo kwamba msitu una wenyewe tena wengi.

Mimi nilimgeukia karani nikasema, "Anasema si wake. Si wa mtu yeyote."

Nikaishia hapo.

"Basi?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Basi."

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Sababu ninazijua, sina haja ya kuzitafuta. Masista walikuwa wametuambia kwamba nyumba inayoshikilia mambo ya wafu, mtoto wake atangoja mwaka mwingine kubatizwa. Pasaka ilikuwa karibu. Na huyu karani, aliyenisifu, na mwenye kanzu safi hata baada ya kupanda mlima, nilimwonea haya. Sikutaka ajue kwamba nimetoka kwenye nyumba inayopigia makaburi hodi. Ndivyo nilivyokuwa. Medali imenining'inia kifuani, nami namkata mjomba wangu ulimi.

Bibi aliinua macho akaniangalia kidogo. Kisha akasukuma sinia kuelekea kwa karani kumkaribisha ndizi.

Bwana Misitu alifurahi sana. Alimshika mjomba mkono, akautikisa. Mjomba naye alifurahi, kwa kuwa aliamini amesikilizwa. Walipoondoka alisema hajapata kuona mgeni mwelewa kama yule.

Haukupita muda mrefu wakaja watu wenye ndoo za chokaa. Walipanga mawe ukingoni mwa msitu, pale pale ambapo bibi alikuwa akitua kamba yake, wakayapaka meupe. Jumbe alikusanya watu akatangaza: kuanzia mawe kwenda juu ni mali ya serikali kuu ya Dar es Salaam. Hakuna kuokota kuni, hakuna kukata, hakuna kutua mzigo, hakuna kuzika.

"Kuzika?" mjomba aliuliza. Jumbe alitazama pembeni akasema ndivyo alivyoambiwa.

Tungeteseka kwa bwana mmoja, pengine tungezoea. Lakini mabwana walikuwa wawili. Mkubwa wa boma la Morogoro naye alihitaji kuni, za kuchomea matofali na za kupeleka stesheni, na hakupenda kuambiwa na mtu yeyote kwamba mlima ulio juu ya kichwa chake unatawaliwa kutoka pwani. Alimpelekea jumbe cheti: watu wapande wakalete kuni. Tukapanda, mimi nikiwamo, tukavuka mawe kwa cheti cha boma. Mlinzi wa msitu alitukamata, akatunyang'anya kamba, akatuweka juani mbele ya kibanda chake mpaka alasiri. Kesho yake askari wa boma akaja kumuuliza jumbe kuni ziko wapi. Ikawa hivyo kiangazi kizima, huyu anatupandisha, yule anatushusha. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe tulikuwa wanawake wa mlimani.

"Kumbe serikali nayo ina wajomba wawili," mjomba alisema, "na kila mmoja anataka yeye ndiye apokee mahari." Tulicheka sana. Wakati ule bado tuliweza kucheka.

Wakati wa mvua bibi alianza kuumwa kifua. Alipika kwa mabua ya mahindi na vijiti vya shambani ambavyo vilitoa moshi mwingi kuliko moto, nao haukumsaidia. Hakulalamika. Aliacha tu kwenda ukingoni, akawa anakaa mlangoni akiutazama msitu kwa muda mrefu, kama mimi ninavyofanya sasa. Siku moja alimwita mjomba akamwambia, "Sina ninachokudai katika dunia hii. Naomba tu nikalale kwangu."

Mjomba akaahidi. Asubuhi yake tukashuka mjini, yeye na mimi, ili nimtafsirie.

Bomani tulingoja barazani mpaka jua likawa la utosini. Mkubwa wa boma alitusikiliza akiwa amesimama. "Kwangu mimi mzikeni hata kileleni," alisema. "Lakini msitu si wangu. Wameniambia hivyo kwa barua, ni wa Dar es Salaam." Nadhani kulisema jambo hilo kulimuuma, maana alikaa ghafla, akaandika karatasi ya ruhusa, akaigonga mhuri kwa nguvu. "Mpelekeeni," alisema, "tuone."

Nyumba ya Bwana Misitu ilikuwa karibu na stesheni. Alituambia tukae. Aliisoma karatasi ya boma, akaikunja vizuri, akaturudishia. Alisema mhuri ule unafanya kazi chini ya mawe, juu ya mawe haufanyi kazi. Halafu akaenda kabatini, akaleta kitabu, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Imeandikwa hapa," alisema polepole, ili nielewe. "Mkubwa wa ukoo amesema mwenyewe: msitu si wake, wala si wa mtu yeyote. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali. Mngesema mna makaburi ndani, ningeyazungushia mawe yakabaki yenu. Kule bonde la pili walisema, na yamebaki yao. Sasa kitabu kimekwenda Dar es Salaam. Mimi siwezi kufuta."

Nilimtafsiria mjomba yote. Safari ile sikuacha hata neno, sijui kwa nini. Mjomba akasema taratibu, "Lakini nilisema. Si nilisema ni wa mama zetu?"

"Ulisema, mjomba."

"Na wewe ulimwambia?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kitu. Si msitu, maana kitabu kilishakwenda, lakini kitu kingine. Mjomba alikuwa ananiangalia kwa macho yasiyonishuku hata kidogo.

"Nilimwambia," nikasema. "Karani ndiye hakuandika."

Mjomba akatikisa kichwa. Tulipanda mlima, naye alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache. Tulipofika alimsimulia bibi kila kitu, na alipofika kwa karani sauti yake ilipanda. Alimlaani yule mtu wa pwani, na mama aliyemzaa, na kalamu yake. Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mke mwenzangu," aliniambia, "mtungi hauna maji." Ulikuwa na maji. Nilikwenda kisimani nikalia huko mpaka nikaona aibu mbele ya vyura.

Kabla bibi hajafa, asubuhi yenye ukungu mzito, tulikuwa wawili tu ndani. Nilikuwa namnywesha uji. Alinisukuma mkono, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi, chenye lafudhi ya pwani:

"Karani wa watu mwacheni. Yeye aliandika alichosikia."

Kijiko kilinianguka.

"Bibi! Unakijua Kiswahili?"

"Nilibeba mzigo wa tumbaku mpaka Bagamoyo kabla mama yako hajazaliwa," alisema, sasa kwa Kiluguru. "Nilikaa kule misimu miwili. Nilisikia ulivyosema, na nilisikia ulipoishia."

"Kwa nini hukusema, bibi? Ungesema tu pale pale!"

Alifumba macho. Nilidhani amelala. "Ulikuwa umesimama mbele ya wageni," alisema, "umevaa nguo nyeupe, umependeza, mjomba wako anakutazama. Ningekuaibishaje, mwanangu?"

Alifariki siku ya tatu yake. Mjomba hakuambiwa na bibi, na mimi sikumwambia. Mjomba alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anamchukia yule karani, na hilo nalo liko juu yangu.

Kwetu kaburi huchimbwa na watani, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ya kutania hata msibani. Walikuja na majembe yao, wakakuta mlinzi wa msitu amesimama kwenye mawe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika kofia mkononi, lakini hakuondoka. Mtani mkubwa alilala chini karibu na jiwe, akanyoosha mkono wake juu ya kichwa mpaka vidole vikapita upande wa pili, akainuka akijifuta vumbi. "Chimbeni hapa," alisema. "Bibi ana mikono mirefu, atajifungulia mlango mwenyewe." Watu walicheka, na katikati ya kicheko kile mjomba akaanza kulia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Tulimzika hatua tatu chini ya jiwe. Kitanda chake alichokipima miaka yote kilibaki kitupu.

Nilikuwa nimeshabatizwa Pasaka ile ile, kabla ya kiangazi cha kuni. Sijutii ubatizo wangu, na nitakufa nao. Najutia bei niliyodhani unadai, wakati hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Wadachi walikwenda zao kwa vita, Waingereza wakaja, nao wakayapaka chokaa mawe yale yale. Mimi niliolewa, nikashuka, nikazaa, nikawa mtu wa mkaa. Nawatamani mama zangu kwa namna ambayo siwezi kuwaeleza wajukuu. Natamani baridi ile, na vile majani yalivyokuwa yanapokea mguu bila kelele. Zaidi ya yote natamani kumsikia bibi akipiga makofi na kungoja, kichwa upande, kwa sababu kila alipoinua uso wake tena nilijua tumekaribishwa.

Nimewaambia wanangu wasinizike mjini. Wanipandishe, lakini wasije wakahangaika na vibali vya kuniingiza juu ya mawe, hata siku moja wakikubaliwa. Wanilaze pale chini, miguuni pa bibi, kama alivyopanga. Mimi ndiye niliyemtoa nje, basi nikae naye nje.

Mwaka jana mjukuu wangu mmoja alinipandisha polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Kaburi liko, jiwe liko, chokaa imechakaa. Nilimwambia akanisubiri kwenye migomba. Nikapiga makofi mara mbili, nikaita hodi, nikaweka mkono juu ya jiwe, nikamalizia maneno ya mjomba kwa Kiswahili, kwa sauti, kama nilivyopaswa kumwambia karani siku ile: "Ni wa mama zetu waliolala ndani. Sisi tunawalindia tu, na siku yetu ikifika tunaingia."

Hapakuwa na karani wa kuandika, kwa hiyo nimeandika mimi.